Makaa, enameli au chapa: kuchagua nyenzo ya kuchora kuta za Mji Mkongwe

Mwanafunzi wa sanaa anapofika mwaka wa mwisho hutakiwa kuchagua dhamira moja, kuichunguza kwa miezi kadhaa, kisha kuonyesha kazi zilizotokana na uchunguzi huo pamoja na maandishi yanayoeleza njia aliyoipita. Dhamira yangu ni kuchakaa kwa kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Niliichagua kwa sababu naamini ukuta wa kale una mengi ya kusema kuliko mlango wake wa nakshi: mlango hupakwa mafuta, hupigwa picha na wageni na pengine huuzwa, lakini ukuta huachwa ubebe mvua, chumvi na marekebisho ya kila fundi aliyepita. Kilichonisumbua zaidi kuliko dhamira yenyewe ni nyenzo. Katika makala haya naziweka bega kwa bega njia tatu nilizozifanyia kazi, yaani makaa juu ya karatasi, rangi ya enameli, ile ya mafuta inayong'aa ikikauka, juu ya ubao, na chapa ya kuchonga, ili zimsaidie mwanafunzi mwenzangu ambaye tayari ana dhamira lakini hajaamua aishike kwa chombo gani.

Nyenzo haziwezi kulinganishwa hewani. Ni lazima kwanza kitu kinachochorwa kieleweke. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na sakafu za ghorofa zikabebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, ambao kwa kawaida haukuzidi sana mita 3. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, au unaoshuka kutoka kwenye paa bovu, hupita ndani ya chokaa na kukaukia nje, mradi chokaa iachwe wazi. Fundi anapoipiga lipu ya saruji kwa nia njema ya kuuimarisha ukuta, unyevu hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, na baadaye lipu hubanduka kwa mapande pamoja na uso wa ukuta wenyewe. Ncha za boriti zilizozama katika ukuta wenye maji nazo huoza mahali ambapo hakuna anayeziona. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Pamoja na heshima hiyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Anayechora kuta hizi hachori uzuri wa uchakavu peke yake.

Ukuta ninaourudia mara kwa mara uko kwenye uchochoro mwembamba ambao jua huufikia saa za adhuhuri tu. Kuanzia chini hadi kiunoni umepigwa saruji ya kijivu. Juu ya saruji kuna mkanda wa chokaa iliyovimba, wenye unga mweupe wa chumvi unaobaki kidoleni ukiugusa. Juu zaidi kuna rangi ya samawati iliyochanika, na chini yake manjano ya udongo iliyotangulia. Mahali ambapo zote mbili zimeanguka, jiwe la tumbawe limejitokeza na vishimo vyake vidogo vya mviringo, ambavyo hadi leo vimepangana kama vilivyokuwa lilipokuwa hai baharini. Kutokana na ukuta huo niliandika katika daftari langu mambo matatu ambayo nyenzo yoyote lazima iweze kuyabeba: tabaka zinazofunikana, kuondolewa kwa kitu kilichokuwapo, na umbile la jiwe. Hayo ndiyo mizani ya ulinganisho huu. Mwenye dhamira nyingine atakuwa na mizani nyingine, na namsihi aiandike kabla hajanunua hata brashi moja.

Makaa ndiyo nyenzo ya gharama ndogo kuliko zote tatu. Mchoraji anaweza kujitengenezea mwenyewe: vijiti vyembamba vikavu vilivyomenywa gome hupangwa ndani ya kopo la bati, mfuniko ukatobolewa tundu dogo, kopo likawekwa jikoni hadi moshi unaotoka tunduni ukome, kisha likaachwa lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa, kwa kuwa vijiti vyenye moto vikikutana na hewa huwaka na kuwa majivu. Karatasi ya manila inatosha kwa mazoezi, ingawa kazi ya maonyesho inahitaji karatasi nzito yenye uso wa kukwaruza kidogo ili ushike unga.

Kwa dhamira yangu, nguvu ya makaa iko katika kufuta. Namna ninayoipendelea ni kuipaka karatasi yote makaa hadi iwe kijivu kizito, kisha kuutoa mwanga kwa kifutio, ili ukuta ufukuliwe kutoka gizani badala ya kujengwa juu ya weupe. Mstari uliofutwa hauondoki wote. Hubaki kivuli chake, na mstari mpya hukaa juu ya kivuli hicho. William Kentridge wa Afrika Kusini amejenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya tabia hiyo: huchora kwa makaa, hupiga picha, hufuta kidogo na kuchora tena juu ya karatasi ileile, na mabaki ya kila hatua huonekana katika filamu zake za michoro. Kwa hiyo, katika mizani yangu, makaa yanafaulu vizuri sana kwenye kuondolewa, yanafaulu kiasi kwenye tabaka, na kwa umbile la jiwe yanategemea karatasi: ukiulaza ubavu wa kijiti cha makaa juu ya karatasi yenye mikwaruzo na kuuburuta polepole, vishimo vya tumbawe hujitokeza bila kuchorwa kimoja kimoja.

Hata hivyo makaa yana hatari moja ambayo wanafunzi wengi hawaelezwi. Yanarahisisha huzuni. Kidole kikipitishwa juu ya mstari, kila kitu hugeuka ukungu laini wa kupendeza, na ukuta wenye historia yake ya saruji, chumvi na samawati huwa ukuta wowote wa zamani mahali popote duniani. Mtazamaji huguswa, lakini haelewi kilichotokea. Ushauri wangu kwa anayechagua makaa ni ajiwekee sharti la kutosugua kwa kidole katika hatua za mwanzo, na alazimike kueleza kwa mistari peke yake ni wapi saruji inaishia na ni wapi chokaa inaanza. Upungufu mwingine ni wa kawaida: rangi hazipo, unga huchafua kila kitu kilicho karibu, na mchoro lazima upulizwe dawa ya kuushikiza. Wengi hutumia dawa ya nywele badala ya dawa yenyewe kwa sababu ni rahisi kuipata. Kwa mazoezi haina neno, lakini kwa kazi ya kudumu siishauri, kwa kuwa huweza kuipa karatasi umanjano miaka inavyopita.

Rangi ya enameli ina historia ya heshima kwetu, na haifai kuijadili kama rangi tu. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora akiwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za dukani zilizokuwa zikitumiwa kwa baiskeli na mabango, juu ya vipande vya mraba vya ubao wa dari. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliiendeleza njia hiyo hadi ikawa chanzo cha riziki cha wachoraji wengi. Mpangilio wake wa kazi uko wazi: usuli hupakwa kwanza na kuachwa ukauke, kisha hufuata maumbo makubwa, na mwishoni mistari ya pembeni na nukta. Mchoraji lazima aione picha yote akilini kabla ya kuanza, na nidhamu hiyo peke yake ni somo kwa mwanafunzi aliyezoea kutafuta njia huku akichora.

Tatizo ni kwamba enameli hufunika kikamilifu. Tabaka la juu likishakauka, la chini limetoweka machoni, wakati ukuta ninaouchora unaonyesha tabaka zake zote kwa pamoja. Uso wake pia hung'aa, ilhali chokaa haing'ai kamwe. Kuna njia moja ya kuipindua tabia hii: rangi zipakwe kwa utaratibu uleule zilivyopakwa ukutani, manjano kwanza na samawati juu yake, zikauke vizuri, kisha zikwaruzwe kwa msasa na ncha ya kisu mpaka za chini zitokeze. Msasa huondoa pia mng'ao. Njia hii hutoa vipande vizuri sana, na kwa upande wa rangi hakuna nyenzo nyingine kati ya hizi tatu inayoikaribia. Lakini huhitaji subira ya kungoja kila tabaka likauke, na wakati wa masika kungoja huko hurefuka. Huhitaji pia chumba chenye hewa, kwa sababu harufu ya rangi na ya kiyeyushi chake haifai kuvutwa usiku kucha katika bweni.

Jambo zito zaidi ni macho ya mtazamaji. Katika vichochoro vilevile ninavyovichora, maduka yametundika picha za mtindo wa Tingatinga kwa ajili ya wageni, na mtu akiona enameli yenye mistari safi na rangi kali, akili yake huenda dukani kabla haijafika ukutani. Anayeichagua nyenzo hii kwa dhamira ya Mji Mkongwe lazima aamue mapema kama atapambana na mazoea hayo au atayatumia. Mimi niliona yangeimeza dhamira yangu. Kwa dhamira yenye viumbe wengi, shughuli na furaha, kwa mfano soko la Darajani asubuhi au sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, ningeichagua enameli bila kuzungukazunguka, na ningeomba kukaa kwanza pembeni mwa mchoraji aliyekomaa katika fani hiyo, kwa kuwa ufundi huo umerithishwa kwa kukaa na kutazama.

Chapa ya kuchonga ndiyo iliyonibadilisha namna ya kufikiri, na nitaieleza kwa urefu zaidi. Mchoraji huchonga ubao au linoliamu, yaani tandiko laini la sakafuni, hupaka wino kwa rola juu ya sehemu zilizobaki zimeinuka, hulaza karatasi juu yake na kuikandamiza. Palipochongwa hubaki peupe. Pasipoguswa huwa peusi. Mashine si lazima: mgongo wa mwiko wa mbao, ukizungushwa kwa mkazo sawasawa juu ya karatasi nyembamba, hutoa chapa nzuri. Linoliamu, ambayo hutengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa koki juu ya kitambaa cha jute, hulainika ikipata joto, hivyo kuianika juani kwa muda mfupi kunatosha kuifanya ichongeke kwa urahisi. Plaiwudi ni ngumu zaidi na patasi huweza kuinyofoa kinyume na matakwa ya mchongaji, lakini hupatikana katika duka lolote la mbao, na nyuzi zake huacha mistari hafifu kwenye chapa. Kwa anayechora ukuta, mistari hiyo ni faida, kwa sababu sehemu tambarare haiwi nyeusi tupu. Inakuwa na uso.

Tofauti kubwa kati ya chapa na makaa ni kwamba kilichoondolewa hakirudi. Kwenye makaa naweza kufuta, kujuta na kuchora upya. Kwenye ubao, kila pigo la patasi ni uamuzi wa kudumu, na uamuzi huo humlazimu mchoraji ajue anachokiona. Siwezi kuchonga "uchakavu". Naweza tu kuchonga mpaka mahususi kati ya saruji na chokaa, au kishimo mahususi cha tumbawe. Hapo ndipo uvivu wa ukungu unapokosa nafasi. Vivuli vya kijivu vyenyewe havipo, isipokuwa mchongaji avijenge kwa mistari myembamba na nukta, na kazi hiyo ya polepole humfundisha kuuona ukuta kwa vipande vyake.

John Muafangejo wa Namibia, aliyeishi kati ya mwaka 1943 na 1987 na kusomea katika kituo cha sanaa cha Rorke's Drift nchini Afrika Kusini, alionyesha ni umbali gani nyenzo hii inaweza kufika. Chapa zake nyingi za linoliamu ni za rangi nyeusi na nyeupe tu, na ndani ya picha alichonga maneno yanayoeleza tukio, mahali na watu, hivyo picha ikawa pia ushahidi ulioandikwa. Anayetaka kufuata mfano huo akumbuke kwamba chapa hugeuza kila kitu: maneno lazima yachongwe kinyumenyume, na uchochoro unaopinda kushoto utapinda kulia. Kwa mandhari ya kubuni hilo halina uzito. Kwa mahali halisi lina uzito mkubwa, kwani mkaazi wa mtaa ataona mara moja kwamba baraza la jirani yake limehama upande. Dawa yake ni kuchora kwanza kwenye karatasi inayopitisha mwanga, kisha kuigeuza kabla ya kunakili mchoro kwenye ubao.

Namna ya chapa inayoifaa dhamira yangu kuliko zote ni ile ya ubao mmoja kwa rangi nyingi. Rangi ya kwanza, iliyo nyepesi kuliko nyingine, huchapwa kwenye karatasi zote zinazokusudiwa. Kisha ubao uleule huchongwa tena, kuondoa kila mahali patakapobaki na rangi hiyo, na rangi ya pili huchapwa juu yake. Halafu ya tatu, hadi ile iliyo nzito kabisa. Kwangu utaratibu ulikuwa manjano ya udongo, samawati iliyofifia, kijivu cha saruji na mwisho karibu nyeusi kwa ajili ya vivuli na nyufa. Kazi inapokamilika, ubao umekwisha: hauwezi tena kuchapa rangi ya kwanza, kwa sababu uso uliobeba rangi hiyo umeshachongwa na kutupwa kama maganda. Picha hujengwa kwa kuuteketeza ubao wake. Hakuna nyenzo nyingine niliyoifanyia kazi ambayo hatua zake zenyewe zinafanana kiasi hiki na jambo linaloelezwa, na mfanano huo ndio ulionipa kitu cha kusema katika maandishi yangu ya mchakato.

Kuna sababu nyingine ninayoithamini zaidi kuliko hiyo ya kiufundi. Chapa hutoa nakala, na kila nakala huandikwa namba yake kwa penseli chini ya picha, kwa mfano 3/12, kuonyesha kwamba ni ya tatu kati ya kumi na mbili. Nyuma ya kuta ninazozichora wanaishi watu, wanapika, wanalea watoto na wanakinga maji ya paa kwa ndoo. Mchoro mmoja wa makaa huondoka na mnunuzi au huenda kwenye ghala la chuo. Kwa chapa, ninaweza kutundika nakala moja katika maonyesho na nyingine nikaipeleka kwa wenye nyumba, wakaitazama, wakanisahihisha. Mama mmoja alinionyesha katika chapa yangu mahali ambapo dirisha lilizibwa zamani. Nilikuwa nimelichonga kama doa la lipu, na toleo lililofuata lina dirisha.

Udhaifu wa chapa nao usifichwe. Huchukua muda. Wino wa mafuta hukauka taratibu katika hewa yenye unyevu, na karatasi za rangi nne zinahitaji mahali pa kutundikwa kati ya rangi moja na nyingine. Karatasi isipowekwa mahali palepale kila mara, rangi hukosana mipaka. Patasi hujeruhi mkono ulio mbele yake, hivyo mkono unaoshika ubao ukae nyuma ya patasi wakati wote. Tena mwanafunzi akiingia kwenye chapa kabla dhamira haijakomaa, atachonga wazo changa na kubaki nalo.

Kuhusu rangi za maji, ambazo wengi huniuliza, nasema kwa ufupi: zinafaa kwa kunasa mwanga na rangi ya ukuta papo hapo, ila karatasi zake zikihifadhiwa karibu na bahari bila uangalifu huota ukungu upesi, na kwa dhamira inayohusu uzito wa jiwe huwa nyepesi mno.

Ikiwa mtahini anataka kuona mchakato pamoja na matokeo, nyenzo hizi zinatofautiana kwa namna ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua mapema. Mchoro wa makaa huimeza historia yake. Asipoupiga picha kila baada ya hatua, hatakuwa na cha kuonyesha zaidi ya vivuli vya mistari iliyofutwa. Enameli huificha kabisa. Chapa huiacha mezani: karatasi za majaribio, kuanzia rangi ya kwanza hadi ya mwisho, zikipangwa kwa mfuatano ukutani, humweleza mtazamaji kila uamuzi uliofanyika.

Uamuzi wangu basi ni kutumia makaa nikiwa mbele ya ukuta, wakati bado nauliza maswali, na chapa ya plaiwudi kwa kazi ya mwisho, nikishajua ninachotaka kukitetea. Sidhani kwamba mpangilio huo unamfaa kila mtu. Aliyebakiwa na wiki chache, au anayeishi chumba kimoja asichoweza kutundika karatasi mbichi, achague makaa na ayafanye kwa ukubwa, angalau karatasi ya A1, ili mwili wote ushiriki katika kufuta. Ambaye dhamira yake haiwezi kuelezwa bila rangi kali, achague enameli na ahesabu siku za kukauka katika ratiba yake. Anayeelekea kwenye chapa aanze na kipande cha plaiwudi chenye ukubwa wa A5 na rangi mbili tu, achonge sehemu moja ya ukuta isiyozidi upana wa kiganja, na achape nakala kadhaa zaidi ya anazozihitaji, kwa sababu baadhi zitaharibika kabla rangi ya pili haijakauka.